Utepe Mpana Kisogoni

Jumatatu, 3 Februari
Nimefumua tena. Utepe wa shingo ya nguo, juu umelala vizuri. Kugeuza chini, sindano imeupita, unaning'inia. Fundi Salma, jirani anayenifundisha nikitoka kazini, kacheka mpaka kafuta machozi. Mie pia. Siku nzima ofisini nilikuwa nawaza cherehani yake tu.

Jumatano, 5 Februari
Leo nimeelewa. Shingo ya nguo ni duara. Utepe uliokatwa kufuata uzi wa kitambaa unakataa kupinda. Ukikatwa mshazari unavutika, unazunguka wenyewe. Nimejaribu kwenye vitambaa chakavu mpaka nikapata shingo isiyo na kikunjo hata kimoja. Nimeipiga picha. Nimerudi nyumbani naimba.

Mama sijamwambia. Tangu presha ya macho immalizie nuru, anavaa kwa kupapasa. Mwaka jana alikwenda msibani kavaa dera nyuma mbele, akasikia wanawake wakicheka. Hajatoka tena. Hata kwa Bi Mwanaisha, shoga yake wa hapa hapa Mbagala, haendi. Nataka kila dera lake liwe na utepe mwembamba mbele, mpana kisogoni. Kidole kitamwambia.

Jumamosi, 8 Februari
Nimechukua dera la zambarau, alipendalo kuliko yote. Nimelishona utepe. Mbele safi. Kisogoni safi! Kiungo cha tepe mbili, bega la kushoto, ndicho tu kimevimba. Fundi Salma kasema nikiache, nikichokonoa nitaharibu. Nimelikumbatia lile dera njia nzima.

Jumapili, 9 Februari
Mama kagundua dera halimo sandukuni. Nikalileta mbio, nikamweleza yote kwa pupa. Akalisukuma pembeni.

"Umemwambia nani kwamba sijui kuvaa?"

Nikamtaja Fundi Salma. Akageukia ukutani.

Imeniuma. Nimekasirika pia. Na aibu ninayo: nguo ni zake, siri ni yake, mie nimeamua peke yangu.

Jumanne, 11 Februari
Hakuna maongezi. Shikamoo, marahaba, basi. Dera liko pale pale kwenye kiti. Kwa fundi sijaenda.

Alhamisi, 13 Februari
Nimerudi kazini nimemkuta kalivaa. Mbele mbele, nyuma nyuma. Kakaa kitandani, kidole kinatembea shingoni pole pole. Kikasimama kwenye bega la kushoto.

"Hapa pamevimba."

Nikakubali. Akasema mengine yamo sandukuni, ila yale nisiyavimbishe. Na Salma aambiwe afunge mdomo.

Nimeyabeba yote kwa mkupuo, natembea nusu nakimbia, kandambili imenikatikia njiani. Sikusimama. Fundi Salma kaniona mlangoni kaacha kazi yake. Ameniachia cherehani jioni nzima. Mabega yote yamelala. Yote!

Jumapili, 16 Februari
Bi Mwanaisha anaoza mjukuu. Leo wanawake wanakaa pamoja kuchambua mchele wa shughuli. Mama kaoga, kajifungia chumbani muda mrefu. Nilikaa nje ya mlango, mikono nimeibana mapajani.

Katoka na dera la kijani, ushungi kichwani. Limekaa sawa.

Binti wa Bi Mwanaisha alikuja kumshika mkono. Nilivaa viatu nifuatane nao. Mama akasikia, akaniambia nibaki nipumzike.

Nimefagia nyuzi zilizokuja na madera. Nimefungua dirisha la chumbani kwake. Nyumba kimya. Sijui atarudi saa ngapi.