Silinda mbili zilizolala

Jumanne, Moshono

Kumbe gari si bovu. Wiki nzima, kila nikitoka kazini Usa River na kuingiza gia ya tano, injini inabadilisha mlio, kama imeishiwa nguvu. Nikawa nalitia nyutro kila mteremko, kama mume wangu alivyonifundisha, nikidhani naipumzisha. Mwanangu Neema nyuma kalala, mimi naomba tu tufike.

Leo fundi amenicheka. "Mama Neema, hakijafa kitu! Ukienda taratibu, injini inazima silinda mbili kati ya nne, isile mafuta. Ukitia nyutro zote zinaamka. Liache kwenye gia, kanyaga kidogo tu."

Nilifurahi, nikampigia Baba Neema huko mgodini. Hata hakunisikiliza.

"Si nilisema ulipaki mpaka nirudi?"

"Silipaki. Kesho naenda nalo kazini."

Akakata simu.

Sijutii nilivyomjibu. Ila wiki nzima nimeendesha na hofu ile peke yangu, na mtoto nikamfikisha nyumbani kila siku. Nilitaka tu aniambie nimeendesha vizuri.