Tulipokatiza Wimbo

Jumatatu, 3 Juni

Shikamoo dada yangu,

Magoti yako yanaendeleaje? Huku mwili mzima. Ya rohoni ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Dada, naogopa. Kuna kundi lenye marungu linavamia makanisa, linapora na kupiga. Wiki jana walichoma kanisa la mtaa wa pili, watu wakiwa katikati ya wimbo. Mchungaji mwenzangu hadi leo amelazwa. Tangu hapo waumini wangu wanaimba kama wagonjwa, macho madirishani. Nyimbo zetu nyingi zinasema hatutaogopa. Jana nilipofika kwenye neno hilo, nililiimba huku nikiutazama mlango. Miaka yote nimehubiri kwamba wimbo ni imani inayopumua. Sasa najiuliza: mtu akiimba asichokiamini, anamwabudu Mungu au anamdanganya?

Wazee wa kanisa wameweka komeo la chuma mlangoni. Wanataka tujifungie ibada nzima.

Mdogo wako,
Kitindamimba


Ijumaa, 7 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako imenikuta kwenye cherehani. Kwa mawazo nimeshona mguu wa suruali ya watu ukazibika chini. Magoti yapo, yanalia kuliko kwaya yako.

Sasa nisikilize. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na mimi sina machozi ya kumlilia mtu niliyembeba mgongoni. Fungeni huo mlango. Imbeni kwa kunong'ona, Mungu si kiziwi. Au njoo kwangu, chumba kipo. Usinijibu kwa mahubiri.

Hilo swali lako mimi siliwezi. Ila ulipokuwa mdogo, ukiogopa giza, ulikuwa unaimba kwa sauti kubwa kuliko sote. Sidhani kama ulikuwa unamdanganya mtu.

Dada yako


Jumatatu, 10 Juni

Dada,

Niwie radhi, leo siulizi habari. 

Jana tulijifungia. Tulikuwa ubeti wa pili, kwa sauti ya chini kama ulivyosema, mara mlango ukagongwa. Wimbo ukakatika. Ukagongwa tena, kwa viganja viwili. "Jamani, nifungulieni! Wanakuja!"

Akina mama waliwavuta watoto chini ya mabenchi. Nilishuka madhabahuni, nikafika mlangoni, nikashika komeo. Mzee wa kanisa akanidaka mkono wa joho. "Mchungaji, huo ni mtego. Wale wa mtaa wa pili walifungua hivi hivi."

Dada, sikufungua. Nilimsikia akihema upande wa pili wa mbao. Kisha ikaja miguu mingi, kisha marungu, kisha mayowe yake. Nilisimama nimefumba macho, na wala sikuwa naomba. King'ora cha polisi ndicho kilichowatawanya.

Tulipotoka tulikuta damu kizingitini na kiatu kimoja. Mtu hakuwepo. Wazee wanasema Mungu ametulinda. Watu wakanishukuru, dada! Wakanipa mkono mmoja mmoja.

Mdogo wako


Alhamisi, 13 Juni

Mdogo wangu,

Aliyesema mfunge mlango ni mimi, kwa hiyo mzigo huo tuubebe wawili. Lakini usikae chumbani kujichapa, hakumsaidii mtu. Aliyepigwa hupelekwa hospitali. Nenda kamtafute. Ukiogopa, nenda na hofu yako hivyo hivyo. Mimi naogopa kuliko wewe, na bado nasema nenda.

Dada yako


Jumatatu, 24 Juni

Shikamoo dada,

Mimi mzima. Naanza na hilo ili upumue.

Nilimpata wodi ya wanaume, amevunjika mkono na mbavu. Ni fundi wa baiskeli, wala si wa kanisa lolote. Walikuwa wakimpora, akawaponyoka. Nilijitambulisha.

"Nilipita milango mingi," akasema. "Kwenu nikasikia wimbo, nikajua hapa kuna watu. Nikagonga, mkanyamaza. Mngeendelea kuimba, ningejiambia hamkunisikia."

Nilimwomba msamaha. Akageukia ukutani. Nimerudi kila siku kumnywesha maji. Maji anapokea, neno hatoi.

Jana, kabla ya ibada, nilichukua bisibisi nikaling'oa lile komeo mbele ya watu wote. Wazee wawili wakaondoka na familia zao. Sikuwalaumu, miguu yangu nayo ilitaka kuwafuata. Niliwaambia waliobaki, "Siwezi kuwaahidi kwamba hawatakuja. Lakini hatutaimba tena huku tumemfungia mtu nje."

Tukaimba, mlango wazi. Ubeti wa kwanza wote sauti yangu ilitetemeka kama ya mbuzi. Mara kivuli cha mtu kikaanguka sakafuni kutoka mlangoni. Sauti zikaanza kuzimika, benchi moja baada ya jingine. Mimi sikunyamaza, dada. Nilishuka nikiimba, nikauendea ule mlango, jua limenipiga machoni, sijui ni nani wala ameshika nini.

Alikuwa mama mmoja mgeni, vumbi la safari hadi kwenye nyusi. "Naweza kukaa?" akauliza.

"Karibu mama," nikasema, nikamwonyesha nafasi.

Nyuma yangu watu walikuwa wameanza upya kuimba, kwa nguvu, wengine wakilia. Nami nilisimama pale pale mlangoni hadi ubeti wa mwisho, naogopa, naimba.

Mdogo wako,
Kitindamimba