Shule ya Filimbi na Shule ya Ngoma

Mama Wumpini,

Salamu zikufikie huko Kumasi. Sisi wazima, na mbuzi wako kazaa mapacha.

Umeuliza kati ya chekechea zetu mbili za serikali ipi nzuri. Ya kilimani ina madawati na uji mzito. Ya bondeni wanakaa chini. Utasema kilimani, nakujua! Lakini huko mwalimu alipopuliza filimbi watoto wengine waliingia, mwanao akabaki uwanjani akicheza. Mwalimu akanifokea: "Baba Wumpini, mtoto wako jeuri!" Bondeni wanaitwa kwa ngoma. Mwanao aliikimbilia, akaikumbatia, shavu kwenye ngozi inayotetemeka, akacheka.

Nimemwita akiwa amenipa mgongo. Nimegonga sufuria. Hageuki.

Sijui nifanyeje, mke wangu. Ukipiga simu Ijumaa nitamwekea sikioni kama kawaida. Wewe ongea naye tu.

Ni mimi,
Neindow