Mifuko Miwili ya Turubai

Utange, 4 Februari 1961

Kwa shangazi yangu Bi Zubeida, Timbwani.

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta na afya, na lile goti lako limepata nafuu. Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Ni miaka mitatu tangu niiache cherehani yako nije kuwafanyia kazi Wazungu, na najua ulisema nisikanyage kwako. Sikanyagi, naandika tu.

Kazi yangu hapa kwenye uwanja wa shabaha wa klabu yao ni kukaa handakini, chini ya mbao zinazopigwa. Mtu akipiga, naushusha ubao, natazama tundu, kisha naonyesha kwa kijiti risasi ilipoingia. Lakini fundi wa bunduki, mzee Rama, macho yake yamechoka, na kila bunduki anayoitengeneza mimi ndiye ninayemjaribia. Shangazi, napiga. Mzee Rama asema wanachama wanaonishinda hawafiki watano.

Mwaka huu kamati imetangaza kuwa wafanyakazi nao waweza kuingia mashindano ya Aprili. Nikaandika jina, peke yangu. Kesho yake ikabandikwa kanuni mpya: kila mpigaji aje na mifuko yake mwenyewe, mmoja mrefu wa bunduki, unaofungika wote, na wa pili wa risasi na vifaa. Asiye nayo hapiti langoni. Nikaenda dukani mjini wanakonunua wao. Mwenye duka akaniambia, "Hii ni ya wanachama."

Naomba unishonee. Nataka ya ngozi, ya kahawia, kama yao.

Mwanao,
Faraj


Timbwani, 13 Februari 1961

Mwanangu Faraj,

Marahaba. Sote wazima. Goti langu usilifanye mlango wa kuingilia, miaka mitatu hukuliuliza hali.

Uliondoka hapa bila kuaga, ukaniachia hema la watu limeshonwa upande mmoja. Hilo sijalisahau wala sijalisamehe. Basi tumeelewana. Sasa tuseme mifuko.

Ngozi sishoni. Hewa yetu ina chumvi. Ngozi huunywa ule unyevu ikaushika, na chuma kilichomo ndani kikaota kutu. Muulize huyo mzee Rama ni bunduki za nani anazozisugua kila mwezi. Kisha nijibu swali moja: wataka kufanana nao, au wataka kuingia?

Turubai ninalo. Bunduki ipime kwa uzi, si kwa macho. Urefu wote, unene wa kitako, na pale panapotokeza mkono wa kuifungulia. Piga fundo kwa kila kipimo. Uniambie pia utaubeba begani au mkononi, na mwendo wenyewe ni wa kiasi gani.

Shangazi yako,
Zubeida


Utange, 27 Februari 1961

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo, na salamu kwa majirani wote. Mimi sijambo. Uzi umo ndani ya bahasha, nimeipima bunduki atakayoniazima mzee Rama. Nilipomuuliza mzee Rama lile la kutu alicheka mpaka akaketi chini. Asema za mifuko ya ngozi ndizo zinazompa kazi. Nitaubeba begani, kwa kuwa kutoka barabarani hadi mahali pa kupigia ni nusu maili, mchanga mtupu.

Lakini katibu wa klabu ameniita. Akasema, "Faraj, unafanya kazi nzuri handakini. Mbona wataka kujisumbua?"

Nikamwambia si usumbufu.

"Basi jua," akasema, "kazi yako ina watu wengi wanaoitaka."

Tangu siku hiyo sina raha. Nafikiri labda ushone mfuko mmoja tu wa kutia kila kitu, usionekane sana. Au niache mwaka huu. Nishauri.

Mwanao,
Faraj


Timbwani, 20 Machi 1961

Mwanangu,

Salamu nyingi. Hapa ni wazima, mvua bado. Kukawia kwangu si hasira, ni kazi.

Nimeshona miwili. Ukienda na mmoja, huyo katibu atakurudisha kwa kanuni ile ile. Ule mrefu unafunguka kutoka ncha hadi ncha, maana mfuko unaofunguka juu tu hupati kuupangusa ndani. Nimeutandika blanketi, nalo latoka ukalianika juani. Bizimu za kufungia ni za shaba. Ukanda wa bega ni mpana, usikukate. Mdogo nimeutia kitako kigumu usimame wenyewe, na kitambaa na mafuta vina chumba chao mbali, mafuta yasifike kwenye risasi.

Nilikuwa na turubai la khaki, na la milia, nyekundu na nyeupe, lililobaki kwenye kivuli cha duka. Ulisema usionekane sana. Nimekata la milia.

Ushauri ulioniomba ndio huo. Katana muuza madafu atakuletea.

Shangazi yako,
Zubeida


Utange, 18 Aprili 1961

Shangazi,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili, na moyo nao u mzima. Nakueleza yote.

Jumamosi katibu mwenyewe alisimama langoni. Akaufungua mfuko mrefu, akaupindua nje ndani, akavuta mshono mmoja mmoja. Nyuma yangu wamejipanga wanachama na ngozi zao.

"Huu umetoka duka gani?"

"Umetoka Timbwani."

"Timbwani hakuna duka la mifuko ya bunduki."

"Yuko shangazi yangu."

"Kanuni inasema..."

"Kanuni nimeisoma, bwana. Yataka iwe miwili, na wa bunduki ufungike wote. Haikutaja duka. Haikutaja rangi."

Mwanachama mmoja nyuma akapaza sauti kwamba jua lamchoma, nipishwe. Nikapita, shangazi, na ile milia ikionekana uwanja mzima.

Risasi ya kwanza ilikwenda chini, niliharakisha. Mwenzangu Gona alikuwa handakini, akaionyesha pale pale ilipoingia, hakunipendelea hata kidogo, na mimi nisingetaka. Baada ya hapo nilitulia. Nimekuwa wa nne kati ya thelathini na mmoja.

Jana Jumatatu katibu akaniambia kazi ya handaki imepata mtu mwingine. Nikakabidhi kijiti. Wallahi, ingekuwa kesho ningeingia tena.

Mwanao,
Faraj


Timbwani, 2 Mei 1961

Mwanangu Faraj,

Salamu na pole, ingawa pole yenyewe hukuiomba. Wa nne nimewaambia watu wote wa mtaa huu, hata wasiojua shabaha ni nini.

Juzi alivuka kivuko Mzungu mmoja na mkewe, wanachama wenu. Wataka mifuko minne kama yako.

Nikawauliza, "Aliyeibeba yuko wapi?"

Mume akasema hana habari.

"Kafukuzwa. Sasa habari unayo. Siku jina lake likiandikwa tena kama mpigaji, njooni na uzi."

Mke alicheka. Mume hakucheka. Wakaenda zao.

Cherehani ya pili imekaa bure. Njoo, ukitaka. Lile hema bado sijalisamehe.

Shangazi yako,
Zubeida


Changamwe, 9 Januari 1962

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba radhi kwa kimya cha miezi minane. Nimepata kazi huku, kuunga mabomba kwenye ujenzi, na nimepata chumba. Sikuja kwenye cherehani kwa kuwa mikono yangu haina sindano, na ningekuja kwa huruma yako tu.

Wale wawili waliokuja kwako hawakunyamaza. Wamelipeleka jambo kamatini mara tatu, na mwezi uliopita klabu ikapiga kura kama nirudishwe: kumi na tisa wakakubali, kumi na mmoja wakakataa. Katibu akaniita. Akasema naweza kurudi handakini. Nikamwambia, "Handakini sirudi. Nikija, naja kwa lango." Akaandika jina langu mbele yangu.

Mashindano ni tarehe saba Aprili. Natamani uje unione. Lakini nikwambie mapema usije ukaudhika: viti vimewekwa kwa wake za wanachama peke yao. Wengine husimama nje ya waya. Ukiona ni dharau, usije.

Mwanao,
Faraj


Timbwani, 15 Januari 1962

Mwanangu,

Salamu. Barua imefika. Wale wawili wamekwisha rudi na uzi, nami nimeanza kukata.

Aprili nitakuja. Kiti nitakuja nacho mwenyewe, na nitakiweka mbele.

Shangazi yako,
Zubeida