Kinamasi Kimepata Wenyewe

Jumanne

Walinipigia makofi, bana. Nilisimama kwa baraza ya chifu hapa Tongaren nikasema kile kinamasi ni ardhi ya umma, kiwekwe kando, mtu asilime huko, wale korongo wawili waliobaki wapate mahali pa kutagia. Nikaongeza ati chifu mwenyewe ana kitambi cha kutosha, hahitaji mahindi ya huko. Walicheka sana. Nikajua nimeshinda.

Halafu jirani yangu Barasa akainuka. "Mzee amesema vizuri. Lakini si tugawane kwanza? Kila mtu atalinda kipande chake."

Makofi tena, makubwa kuliko yangu.

Nikamwambia, "Barasa, wewe hata kuku wako wanalindwa na mbwa wangu." Hakuna aliyecheka.

Jioni nilimkuta kijana wangu Simiyu akichonga vigingi. Nilifurahi kidogo, nikidhani anatengeneza boma la ng'ombe. Akaniuliza kwa heshima kabisa, "Baba, kipande chetu cha kinamasi kitakuwa upande gani?"

Huko chini korongo walikuwa wanalia, na yeye akaendelea kuchonga.