Miti ya Kuvukia

Kwamsisi,
12 Februari 1972

Mume wangu Sadala,

Salamu zangu zikufikie huko Korogwe kwenye kambi ya barabara, zikukute umeshiba. Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yananisema kila asubuhi. Kudra jirani yangu anakusalimu, na mbuzi wako amezaa. Wewe je, afya yako? Huko mnapikiana wanaume kwa wanaume, nami nakijua chakula chako.

Usishangae mwandiko. Ni wangu mwenyewe. Darasa la kisomo limenifikisha hapa. Mwalimu anasema herufi zangu zinayumba, nami nimemjibu kwamba zikiyumba zikafika, inatosha. Sasa simtafuti tena mtu wa kuniandikia, nitakusema ninavyotaka.

Lililonifanya nishike kalamu ni hili. Juzi walikuja watu wenye fito za kupimia na kamba, wakapita katikati ya msitu wetu wa Kwembega. Nilimwuliza mkubwa wao, akasema, "Bibi, barabara ya kwenda Mkata inapita hapa." Nikamwambia, "Hapa pana wenyewe." Akacheka, akadhani nawasema majini.

Wewe unajua namsema nani. Msitu ule baba yangu aliachiwa na mjomba wake, na mimi nikaachiwa na baba, haukatwi hata ukuni. Kule chini walifyeka kote wakapanda katani, mbega wakaisha. Upande mwingine wamewindwa kwa ajili ya ngozi. Waliobaki ni hawa wetu. Na mbega si nyani, hatembei chini, anatoka tawi hadi tawi. Asubuhi wanakula majani machanga upande wa juu, jua likiwa kali wanarudi bondeni kwenye ubaridi na maji. Barabara ikikata katikati, watavukaje?

Wala usidhani naikataa barabara. Mama yako alifia njiani kwenye machela, na uchungu wake wa uzazi haujaisha, mimi nimemshika kichwa. Barabara naitaka kuliko huyo mkubwa wao. Ninachoomba ni njia ya mbega ibaki. Wewe unakaa na wapimaji, sema nao.

Mkeo asiyezeeka,
Bibi Tatu


Korogwe,
4 Machi 1972

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mwenyewe, kisha nikawasomea wenzangu, na hawakuamini kwamba umeandika wewe. Nimejisikia mtu mkubwa kambini. Mimi sijambo. Ugali wetu unaungua, lakini unaliwa. Msalimie Kudra.

Nimesema na mpima wetu, Bwana Bonaventura. Ni mtu mgumu, ila akikusikiliza anakusikiliza kweli. Alitandaza ramani akanionyesha kwamba barabara haiwezi kuukwepa msitu, maana chini ni tope na juu ni mawe matupu. Nikamweleza habari ya mbega na maji. Akaniuliza, "Matawi yanakutana huko juu?" Nikamwambia yanakutana. Akasema basi, pale msituni barabara itakuwa nyembamba, na ile miti mikubwa inayoshikana juu itaachwa huku na huku. Magari yatapita chini, mbega watapita juu.

Nilifurahi hadi nikamshika mkono, akauvuta mkono wake.

Lakini hajui ni miti ipi, na mimi niliondoka huko mdogo. Anayejua ni wewe. Tafadhali iwekee alama ile wanayovukia, ionekane kwa mbali. Mimi na mpima tutatangulia kabla ya katapila, tuione na kuiandika kwenye ramani. Ni lazima tutangulie, kwa sababu Simeo, dereva wa katapila, akishawasha mtambo wake hamwulizi mtu.

Usiende msituni peke yako, nenda na Kudra.

Mjukuu wako, na mumeo kama hujamchukua mwalimu wa kisomo,
Sadala


Kwamsisi,
21 Machi 1972

Mume wangu Sadala,

Marahaba. Natumaini hujambo na kazi inakwenda. Huku mvua zimeanza, mahindi yametoka vizuri, na mwalimu wa kisomo ana mke tayari, kwa hiyo tulia.

Mwambie Bwana Bonaventura kwamba Bibi Tatu anamwombea dua. Mtu wa ofisi kufikiria matawi! Sikutegemea.

Kazi uliyonipa nimeimaliza. Mimi na Kudra tulikaa msituni asubuhi baada ya asubuhi, tukiwatazama wanavyopita. Wana njia zao kama sisi tulivyo na zetu. Anatangulia dume mzee, yule mwenye manyoya meupe yaliyomwagika mabegani kama shali, na wengine wanaweka mguu pale pale alipoweka yeye. Kila mti waliovukia nimeujua: mvule, msandarusi, mikwaju miwili inayotazamana, na mingine ambayo nitakuonyesha ukija.

Nimeifunga bendera. Nilikuwa na kipande kizuri cha kitambaa chekundu nilichokiweka kwa ajili ya matambiko, nikakichana chote. Kudra aliniuliza, "Hukibakizi hata kidogo?" Nikamwambia kazi yake ndiyo hii. Nani hapa asiyejua kwamba mti uliofungwa bendera una mwenyewe, panga haliugusi? Hata walevi wanajua. Katibu wa TANU alinipita akasema, "Bibi Tatu, mambo ya kizamani hayo," lakini nilimwona akizunguka mbali na mti.

Ukisimama njiani unaviona vitambaa vyote, vyekundu vinawaka. Umesema vionekane kwa mbali, na vinaonekana. Njooni upesi.

Mkeo,
Bibi Tatu


Mnyuzi,
11 Aprili 1972

Bibi,

Shikamoo. Nisamehe, salamu ni hiyo tu.

Vifungue vitambaa. Vifungue vyote leo hii, usingoje kesho, mwombe Kudra, mwombe katibu, mwombe yeyote mwenye miguu.

Barua yako ilinikosa Korogwe. Nimehamishiwa huku Mnyuzi kwenye daraja, na Bwana Bonaventura ameitwa Tanga. Nimeipata sasa hivi, naandika nimesimama. Bibi, kwenye kazi yetu ya barabara kitambaa chekundu maana yake mti huu ung'olewe. Tunavifunga sisi wenyewe ili dereva ajue pa kuanzia. Nilikwambia uweke alama, sikukwambia alama gani. Kichwani nilikuwa na alama ya chokaa, ya mti wa kuachwa, nikasahau kwamba hujawahi kuiona kazi yetu, na mimi nimeisahau kazi yako.

Wanasema Simeo ameshatoka na katapila kuja huko. Barua hii nampa Petro, dereva wa lori la kokoto, ameahidi hatasimama popote. Msimamizi ameninyima ruhusa leo. Nitamwomba tena.

Ikiwa katapila limefika, simama mbele yake useme umetumwa na mpima.

Mjukuu wako,
Sadala


Kwamsisi,
12 Aprili 1972

Sadala,

Katapila lilikuja jana, wewe hukuja.

Mimi na Kudra tulikwenda kuliangalia. Lilipita kichaka, likapita miti midogo, lilipofika kwenye mvule likasimama. Nikamwambia Kudra, "Unaona? Amekiona kitambaa." Nilicheka, Sadala. Nilifurahi mbele ya watu. Dereva akarudi nyuma kidogo, nikadhani anageuka. Akausukuma.

Alipoumaliza mvule hakugusa mti wa jirani yake. Akaenda moja kwa moja kwenye msandarusi. Kisha mikwaju. Akichagua ule ule niliochagua mimi, mmoja baada ya mwingine, na isiyo na kitambaa akiiacha imesimama. Nilimkimbilia nikishika kanga yangu. Akanipigia kelele, "Bibi ondoka, mimi nafuata alama!" Nikamwuliza alama za nani. Akasema, "Za ofisi!"

Za ofisi. Kumbe ofisi ilinituma niwaonyeshe miti ya kuua, na aliyeniletea maneno ni wewe, mtoto niliyemlea mgongoni mama yake alipokufa. Mngekata wenyewe bila kunishirikisha, ningelia nikanyamaza. Lakini mmeuchukua mkono wangu.

Mbega walikuwa bondeni isipokuwa dume mzee, yeye alikuwa juu. Sasa katikati ni udongo mwekundu. Leo asubuhi amenguruma upande ule, wenzake wakamjibu upande huu, mpaka jua likawa kali. Maji yako upande huu.

Usiniandikie.

Tatu binti Mdoe


Korogwe,
30 Juni 1972

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini magoti hayakusumbui sana kwenye baridi hii.

Najua ulisema nisiandike. Najua pia kwamba lori la Petro lilikatika springi njiani, na barua yangu ilifika huko kazi imeshakwisha. Sijui kama uliisoma au uliitia motoni. Nilipokuja ulikuwa ndani, nilisikia kikohozi chako. Kudra ndiye aliyenipa maji ya kunywa. Nilikaa barazani mpaka watu wakaanza kunionea huruma, ndipo nikaenda msituni.

Sikukusaliti, Bibi. Sina namna nyingine ya kulisema.

Nilichofanya huko Kudra atakuwa amekwambia. Nina rafiki, Yordani, anafanya kazi kwenye shamba la katani, naye aliniombea kamba nene kwa wakubwa wake. Tumeifunga kutoka kwenye mkuyu upande wa bondeni hadi kwenye mti mmoja mkubwa uliobaki upande wa juu, na juu yake tukafunga nyingine ya kushikia. Yordani alicheka njia nzima, akasema ndugu zake wakisikia amewajengea mbega daraja watamrudisha kwao kutibiwa. Lakini alipanda yeye mwenyewe, mimi nikamshikia kamba chini.

Sijui kama watapita. Mbega hajawahi kuona kitu kama kile. Naomba unieleze tu wanafanya nini. Si lazima unisalimie.

Mjukuu wako,
Sadala


Korogwe,
16 Septemba 1972

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini u mzima.

Sijapata jibu, naandika hivyo hivyo. Bwana Bonaventura amerudi. Nilimweleza yote, hakunikaripia, ikawa vibaya zaidi. Siku hizi haruhusu katapila kuingia msitu wowote mpaka wenyeji waulizwe alama zao ni zipi na maana yake ni nini. Wenzake wanamwona anachelewesha kazi. Najua hilo halikurudishii mvule.

Kudra anasema dume mzee bado yuko upande ule peke yake. Kiangazi hiki anakunywa wapi?

Mjukuu wako,
Sadala


Kwamsisi,
19 Novemba 1972

Sadala,

Marahaba ya barua zako zote. Mimi ni mzima, mwili umepungua kidogo. Mahindi tumevuna. Kudra hajambo, na ananisema kila siku kwa ajili yako.

Barua ya Petro sikuitia motoni. Niliisoma siku ile ile ilipofika, tope la katapila halijakauka. Kwa hiyo nilijua mapema kwamba hukunisaliti. Ila kitambaa nilikifunga mimi, nikachagua kile kizuri, na furaha niliyoipata siku ile katapila liliposimama mbele ya mvule siwezi kuisahau. Ulipokuja barazani nilitaka kutoka. Nikaona nikikutazama usoni sitakuwa na mtu wa kumkasirikia isipokuwa mimi, basi nikabaki ndani nikikohoa.

Umeuliza habari ya kamba. Wa kwanza kuipita walikuwa ngedere, siku ya pili tu, wakaigeuza mchezo. Mbega wa bondeni walikuja, wakaigusa, wakarudi. Dume mzee alikaa upande wa pili akiwatazama, kamba hakuigusa. Alikuwa akinguruma kila asubuhi na wao wakimjibu, na hakuna aliyethubutu kutangulia, maana siku zote anayetangulia ni yeye.

Katikati ya Ramadhani joto lilizidi. Kule juu vidimbwi vya mvua vilikuwa vimekauka. Alishuka chini, Sadala, akaingia barabarani kwa miguu, mbega! Lori likamgonga. Dereva alisimama akaja kunitafuta, akamleta amemfunika kwa gunia. Sikumlaumu. Nilikuwa na bafta ya sanda niliyojiwekea mwenyewe kwa siku yangu, nikamzikia hiyo. Katibu alichimba shimo, na hakusema habari za mambo ya kizamani.

Asubuhi zilizofuata wale wa bondeni walinguruma, wakanyamaza wakisikiliza, wakanguruma tena. Nilikuwa naziba masikio.

Halafu jike mmoja akakanyaga kamba. Alikuwa na mtoto kifuani, mdogo, bado mweupe wote. Alivuka polepole, kamba ikinesa, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja mpaka wote wakafika ng'ambo. Hawakula. Walikwenda mti kwa mti wakiita. Walikuwa wanamtafuta. Nilisimama katikati ya barabara nikawapigia kelele, "Hayupo! Hayupo jamani, rudini!" Watu waliopita na baiskeli walinisalimia kwa upole, kama anavyosalimiwa mtu mwenye matatizo ya kichwa.

Jioni walirudi kwa kamba ile ile. Sasa wanavuka kila siku, asubuhi kwenda na jua likiwa kali kurudi. Mtoto ameanza kuota manyoya meusi.

Kamba yako imelegea upande wa mkuyu. Njoo uikaze kabla ya mvua.

Bibi yako,
Tatu