Nimeikalia Barua ya Mjukuu Wangu

Mshauri, kabla sijakuomba chochote nikuseme kwanza, maana wewe na redio yako ndio mnaowatia hawa wasichana maneno mdomoni, kila asubuhi haki za wanawake, haki za wanawake, kama vile sisi wengine tulizaliwa vipofu. Na darasa la tatu linanitosha kuandika mwenyewe, usidhani nimeandikiwa.

Mimi nimeshona sare kiwandani miaka thelathini na moja, na mjukuu wangu niliyemlea tangu ana meno mawili sasa anashona hapo hapo, na tangu ajiunge na hicho kikundi cha wanawake cha Jumamosi simwelewi, anarudi na makaratasi, anarudi na maneno, juzi kaniambia, "Bibi, wewe ulionewa." Nani kaonewa? Nikamwambia siku hizi wanawake ni mahakimu, wanaendesha ndege, hicho kikundi kinatafuta nini kilichobaki? Akasema, "Meza ya kukatia."

Basi ujue pale kiwandani kisu cha umeme cha kukatia kitambaa hakishikwi na mwanamke, mwanamke ni cherehani, na mjukuu kaomba ajaribiwe ukataji. Ujinga, maana ile meza sisi tulikuwa nayo bila kelele: fundi mkataji alikuwa anasahau kuacha nafasi ya mshono, kwa hiyo akienda kula nafuta mistari yake nachora upya kwa chaki, akirudi anakata juu ya mistari yangu, na hakuna suruali iliyorudishwa. Hakujua, au alijua akanyamaza, shauri yake. Alipostaafu wakatundika picha yake ukutani, mimi wakaniambia "asante mama", na sikulia. Huko ndiko kutawala, siyo kubeba mabango.

Sasa kosa langu. Jumamosi tarishi wa kiwanda kaleta barua ya kumwita kwenye jaribio, Alhamisi saa mbili, yeye yuko kwenye kikundi chake, nikaipokea, nikaisoma, nikaikalia. Iko chini ya godoro langu. Wale wanawake nawashuku, mmoja huja na kamera, akishapiga picha zake haonekani tena, na mtoto akiaibika mbele ya wanaume ni mimi nitakayemfuta machozi. Jana katoka kazini saa kumi, kaniuliza, "Bibi, hakuna barua yangu?" Nikamjibu, "Ya nani tena, mchumba?" Akacheka, lakini alinitazama. Nafikiria kusema tarishi kaipoteza. Nisaidie, ila usinihubirie.

Bibi wa sare

JIBU

Shikamoo bibi. Heshima yako hiyo, sasa na wewe kaa usemwe.

Mwenye kamera mshuku, hata mimi namshuku; wapo wanaopiga picha shida za wenzao wasirudi. Lakini mjukuu wako hakuomba kamera. Ameomba meza, ambayo unaijua wewe kuliko huyo aliyetundikwa ukutani.

Unaniuliza, kwa kuzungukazunguka, kama hizi harakati bado zina kazi. Jijibu mwenyewe: ulichora sare za kiwanda kizima kwa kujificha, wenzako wakila, na leo anayetaka kuifanya kazi hiyo mchana kweupe unamfichia barua. Hukutawala, bibi. Ulifanya kazi, mwenzako akapewa jina. Neno "ulionewa" limekuchoma, naelewa, kwa sababu linakunyang'anya fahari yako, na mtoto hakutumia adabu kulitamka vile. Angekuuliza kwanza. Lakini angeulizaje habari ya chaki, wakati hujawahi kumwambia?

Unaogopa asije akashindwa. Asipofika kabisa wataandika kwamba aliitwa akaogopa, na msichana mwingine atakayeomba ataonyeshwa karatasi hiyo. Hapo utakuwa umewafanyia kazi yao tena, safari hii bila hata asante mama.

Leo ni Jumatano, na saa kumi anatoka. Usimngoje nyumbani, utapata muda wa kutunga uongo. Nenda getini na barua mkononi, mwache tarishi wa watu na kibarua chake, sema, "Niliificha mimi." Mwambie na ya chaki, yote, bila kupunguza. Atakasirika. Usijitetee, mwache amalize. Halafu mkifika nyumbani mtandikie kitambaa mezani achore mbele yako, na akikosea, mwambie hapo hapo.